Joto la Jumapili

Kamuli, Kyerwa
Jumapili, 9 Februari 2025

Daktari wetu Anatory,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo.

Najua utashangaa kuletewa bahasha wakati wewe simu unayo na mimi ninayo. Yangu sikio lake limekufa, lazima niweke spika, na nikiweka spika nyumba nzima inachangia, Baba Kokuberwa akiwa wa kwanza. Haya ya leo siyatakii wachangiaji. Nampa Nsanzimana wa bodaboda, yeye ataikabidhi kwenye gari la Kayanga, na kutoka pale watu wa kwenu Nyakakika wataifikisha. Nijibu kwa njia hiyo hiyo.

Sisi tupo. Rogasian ndiye nesi wetu yule yule, bado anachelewa na bado anaisingizia baiskeli. Mimi nafagia, napima watoto uzito, naandika kadi, naangalia ile friji ya gesi ya chanjo. Kazi hazijabadilika. Kilichobadilika ni bosi.

Tangu wakuhamishe Oktoba na kutuletea huyu dada Mackrine kutoka Muleba awe mganga mfawidhi, zahanati imekuwa kama nyumba yenye matanga. Watu wanapita kimya. Kiumri ni mdogo wangu wa mwisho kabisa, lakini siku ya kwanza aliniita "mtumishi". Saa moja na nusu asubuhi anachora mstari mwekundu kwenye daftari la mahudhurio, na anayekuja baada ya hapo anaandika jina chini ya mstari kama mtoro wa shule. Chai ya saa nne hanywi na sisi. Nikipika katogo ya ndizi, sahani yake inapoa mezani hadi inzi wanaijua. Na ile sala yako ya Jumatatu, ya kuulizana nani anauguza nyumbani na migomba ya nani imeingia mnyauko, imekufa. Siku hizi Jumatatu tunaulizwa malengo. Rogasian aliulizwa malengo yake ya robo mwaka, akajibu ni kufika salama. Yule dada aliandika hivyo hivyo kwenye daftari lake, wala hakucheka.

Nilikuwa navumilia. Nasali rozari njiani, nafanya kazi, narudi. Ila Jumapili iliyopita limenikuta jambo.

Fomu ya joto la friji unaijua, visanduku viwili kila siku, asubuhi na jioni, na Jumapili nayo imo. Na mwaka ule akina mama wa kigango waliponichagua mwenyekiti, wewe mwenyewe ulituambia Mungu hakumwamuru mtu aache Misa akasome friji. Ulisema friji haina miguu, tujaze Ijumaa mambo yaishe. Miaka sita nimejaza hivyo. Nyuzi nne, nne, nne, nne. Basi nimetoka Misa ya kwanza, nikapitia zahanati kuchukua mwavuli niliousahau, namkuta amesimama mbele ya friji, fomu mkononi. Hakupaza sauti. Aliniuliza:

"Mama Eugenia, saa kumi jioni haijafika. Umeisomaje?"

Nilichukua mwavuli nikaufungua pale pale mlangoni nikaondoka nao, na jua lilikuwa kali.

Miaka ishirini na mbili ya kazi, mimi wa darasa la saba, hakuna aliyewahi kuniona mwongo. Siku hizi nikimwona naangalia miguu yake. Nimechoka, Daktari, na si uchovu wa kulala ukaisha. Niambie nifanye nini.

Mdogo wako,
Eugenia

*

Nyakakika, Karagwe
Alhamisi, 20 Februari 2025

Mama Kokuberwa,

Milele na milele, amina. Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka habari za Rogasian, ya pili nikasikitika.

Usijitese. Huyo dada ni wa kizazi cha kujaza mfumo. Siku hizi mtumishi anapimwa kwa alichoandika kwenye kompyuta, kile alichomfanyia mgonjwa kitajijua. Mimi nilikuja hapo nikakuta watu wanne waliokata tamaa. Mishahara yenu sikuipanga mimi. Vyeo havikuwa mkononi mwangu. Nyumba ya mtumishi ilikuwa moja na popo ndani. Nilikuwa na nini cha kuwapa? Nilikuwa na salamu, chai na Jumapili. Nikawapa hivyo, na ninyi mkanipa kazi. Nani alizalisha wanawake watatu siku moja, maji ya kuchota mtoni, asilalamike? Si wewe? Kile cheti cha zahanati bora, unadhani tulipewa kwa uzuri wa sura? Kama bado kipo ukutani, mwonyeshe asome.

Mtu akipendwa hufanya kazi hata bosi akiwa hayupo. Akichorewa mstari mwekundu atafika mapema, kweli, kisha akae hapo akiangalia saa.

Ushauri wangu ni huu. Mwombe radhi, maneno machache. Mwambie ilikuwa siku hiyo moja, ulikuwa na haraka ya Misa. Miaka usiitaje. Na mimi usinitaje. Si kwamba naogopa, ila jina la mtu aliyekwishahama likirudi kazini huwa linaleta maneno tu.

Huku nipo nipo. Watu ni wema, migomba mizuri, ila watumishi bado hawajanizoea. Nahesabu miezi. Tarehe thelathini Juni nastaafu, nikakae na kahawa yangu na wajukuu. Msalimie Baba Kokuberwa, mwambie asichangie.

Kaka yako,
Anatory

*

Kamuli, Kyerwa
Jumapili, 16 Machi 2025

Daktari wetu,

Shikamoo. Ushauri wako niliufuata. Nilimwomba radhi, nikasema ilikuwa siku hiyo moja. Alinitazama, akasema sawa. Kumbe nilikuwa naongeza uongo juu ya uongo, na Kwaresima ndiyo imeanza.

Surua imeingia kitongoji cha juu. Watoto watatu. Mmoja ni Ainebyona wa Stephania. Stephania unamkumbuka, yule wa jumuiya yetu anayeuza maparachichi, aliyepoteza mimba mbili ndipo akampata huyu. Mtoto ana mwaka na miezi mitatu. Macho yaliziba, mapafu yakajaa, wakambeba hadi hospitali Nyakahanga. Amepona kwa neema ya Mungu na kwa mikono ya wale manesi. Lakini masikio yalitoa usaha, na sasa ukimwita kwa nyuma hageuki. Wanasema tusubiri.

Stephania alikuja zahanati na kadi ya mtoto. Hakugomba. Aliiweka mezani, akaweka kidole penye chanjo ya surua ya miezi tisa, akaniuliza, "Mama Koku, hapa uliandika nini?" Niliandika amechanjwa. Na nakumbuka nilimwambia siku ile, sasa hata surua ya majirani isikutishe.

Mackrine alikusanya kadi za wote watatu akazipanga mezani. Zote ni za kliniki moja, Jumatano tarehe ishirini na tano Septemba mwaka jana, wakati wako. Mwandiko wangu. Kisha akatoa fomu ya joto ya wiki ile. Mwandiko wangu. Nne kila mahali. Barua aliyonipa nimeinakili neno kwa neno, nimekuwekea kwenye bahasha uisome.

Ninachokuomba ni kidogo. Anataka kujua friji ilikuwaje Jumamosi na Jumapili ile. Nimewaza sana, nimekumbuka kitu kimoja tu. Jumatatu yake nilifika nikakuta maji sakafuni hadi mlangoni, na wewe umeshafika, umekunja suruali. Uliniambia uliizima Jumapili ili kuyeyusha barafu na kuisafisha, na chanjo ulizihifadhi kwenye boksi la barafu. Nikachukua dekio nikapiga deki. Niandikie mistari miwili ya hayo, kwamba uliisafisha mwenyewe na chanjo hazikupata joto. Nikiwa na mistari hiyo nitasimama mbele yao. Bila hiyo kazi imekwenda, nami kwa umri wangu huu sitaajiriwa hata kufagia soko, na Kokuberwa bado ana mwaka mmoja chuoni.

Fanya haraka, Daktari.

Eugenia

(Nakala niliyoandika kwa mkono:)

Zahanati ya Kijiji, Kata ya Kamuli
Ijumaa, 14 Machi 2025

Bi. Eugenia, Mhudumu wa Afya

YAH: KUTAKIWA KUTOA MAELEZO KWA MAANDISHI

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Watoto watatu waliougua surua mwezi huu wana kadi zinazoonyesha kuwa walichanjwa katika kituo hiki tarehe 25/09/2024. Fomu ya joto la friji ya wiki hiyo inaonyesha nyuzi nne asubuhi na jioni kwa siku zote, ikiwa ni pamoja na tarehe 21 na 22, Jumamosi na Jumapili.

Unatakiwa kueleza kwa maandishi, kabla ya mwisho wa siku ya Ijumaa tarehe 28/03/2025, ni nani aliyesoma friji siku hizo mbili na ilikuwa katika hali gani. Maelezo yako yatajadiliwa katika kikao kitakachofanyika ofisi ya wilaya, Alhamisi tarehe 03/04/2025, saa nne asubuhi. Yasiporidhisha, hatua za nidhamu zitachukuliwa, na zinaweza kufikia kuachishwa kazi.

Nakutakia kazi njema.

Mackrine
Mganga Mfawidhi

*

Nyakakika, Karagwe
Jumamosi, 22 Machi 2025

Mama Kokuberwa,

Pole sana. Habari ya huyo mtoto imeniumiza. Nimemwekea nia katika Misa ya asubuhi.

Kuhusu hilo uliloomba. Septemba ni mbali, na kichwa changu siku hizi kinachuja, kinabakiza makapi. Huenda nilisafisha friji wiki ile, huenda ilikuwa wiki nyingine. Nikiandika kitu nisichokuwa na hakika nacho nitakuharibia badala ya kukusaidia. Wale watu wa vikao ninawafahamu, wakipata uzi mmoja wanavuta fulana yote.

Kwa hiyo andika hivi. Andika kwamba ulijaza fomu kabla ya wakati kwa sababu ya ibada, unajuta, hutarudia. Basi. Maji usiyaguse. Maji hayakuandikwa popote, na kisichoandikwa hakina shahidi. Surua nayo inaweza kumpata hata mtoto aliyechanjwa vizuri, hilo ni la kitaalamu, waachie wao walijadili. Kwa kosa la fomu watakupa onyo. Mtu hafukuzwi kwa sababu ya kwenda Misa.

Nakutumia mkungu wa ndizi na maharage ya mavuno haya, Nsanzimana atakuletea. Upike, ule, ulale. Kumbuka tulikotoka. Kumbuka siku walipokuja kutupa cheti, Rogasian alivyolia kama mtoto, nawe ukapiga vigelegele hadi sauti ikakauka. Hakuna atakayefuta siku ile.

Nakuombea.

A.

*

Kamuli, Kyerwa
Jumatano, 26 Machi 2025

Daktari Anatory,

Shikamoo. Ndizi na maharage vimefika. Nimempelekea Stephania.

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa kwenye mzani wa watoto, maana ndipo palipokuwa wazi, leo ni kliniki. Niliisoma, nikaikunja, nikaendelea kupima. Mama mmoja akaniambia Mama Koku umeandika kilo za mtoto wangu mara mbili. Akili haikuwepo.

Nikuambie kwanza kitu nilichokiona, halafu nitakuuliza. Jumapili iliyopita sikwenda Misa ya kwanza, nilikwenda ya pili. Saa moja asubuhi nilikwenda zahanati kusoma friji, kwa mara ya kwanza katika miaka sita. Nilimkuta Mackrine yupo. Nikamwambia nimekuja kusoma. Akasema, "Soma wewe, mimi nitaandika." Nikasoma, tano na nusu. Nilikuwa sijawahi kuandika nusu maishani mwangu. Nikamuuliza kama huwa anakuja kila Jumapili. Akasema tangu Novemba. Anakuja asubuhi, anarudi saa kumi. Anatembea kutoka kule alikopanga, kilomita tatu, kwa sababu siku ile bodaboda zipo kanisani. Miezi minne na nusu. Mimi napanga maua altareni, mwenzangu anatembea kilomita kumi na mbili. Halafu nilikuwa nasema hasali. Kumbe Misa yake ni ya pili.

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. Akasema, "Mngekuja kwa ajili yangu." Nilikuwa sijaelewa, nikaelewa nikiwa njiani.

Simsifu mno. Ni mkavu. Nilimwambia dada, watu hawafi kwa kusalimiwa. Jumatatu akatusalimia mmoja mmoja kama anaita majina shuleni, Rogasian akaitika "nipo". Lakini nilimwona akikifuta kile kioo cha kipimajoto kwa khanga yake mwenyewe.

Sasa nakuuliza. Nilipokaa kwenye ule mzani, siku ile ya maji ilinirudia. Ulikuwa umekunja suruali, ndiyo, lakini suruali ilikuwa ya suti. Na kifuani ulikuwa na ua la harusi, la plastiki, bado limebanwa. Ulikuwa umetoka Omurushaka kumwoza binti wa dada yako. Uliondoka Ijumaa mchana, sisi wenyewe tulikusindikiza na kitenge cha mchango wetu. Ulirudi Jumatatu asubuhi. Basi aliyezima friji Jumapili akaiyeyusha barafu ni nani?

Sikuuliza siku ile kwa sababu ulikuwa wewe. Ungeniambia maji yale ni ya baraka ningechovya kidole.

Daktari, friji ilizimika?

Keshokutwa natoa maelezo yangu. Nitaandika miaka sita, sitaandika siku moja. Jina lako sitaliandika, kwa sababu nikiliandika nataka niandike na ukweli wake, na ukweli wake sina. Unao wewe.

Eugenia

*

Nyakakika, Karagwe
Jumamosi, 29 Machi 2025

Eugenia,

Leo sikuiti Mama Kokuberwa. Nakuita kwa jina lako la ubatizo kwa sababu ninayokuandikia nilipaswa kuyasema kwa padre, na kwa padre nimepita mara tatu nikatubu mengine.

Ilizimika. Gesi iliisha, nadhani Jumamosi. Mtungi wa akiba haukuwepo. Niliuazimisha harusini Omurushaka, wapishi walikuwa wamepungukiwa, nikasema si utarudi Jumatatu. Nilirudi nao mwenyewe nimeupakata kwenye bodaboda. Nilipofungua friji kipimajoto kilisema ishirini na moja. Barafu yote ilikuwa chini. Niliunganisha mtungi, nikawasha, nikawa nimekunja suruali ndipo wewe ukaingia.

Nilijua la kufanya. Kila mganga anajua. Zile chupa zinatolewa, zinafungiwa, unapiga simu wilayani unaeleza, wanakuletea nyingine. Lakini Jumanne, kesho yake, walikuwa wanakuja wale wa kukagua zahanati bora. Nikisema friji ililala siku mbili bila gesi, tumetoka. Na wangeuliza, mbona fomu inasema nne?

Sikufanya kwa ajili ya cheti changu. Mimi nilikuwa naondoka. Eugenia, katika miaka yote ile sikuwahi kuona mtu yeyote kutoka juu akija kuwapa ninyi mkono. Walikuja kukagua, kukemea, kuchukua takwimu. Nilitaka mara moja, mara moja tu, mtu awapigie makofi. Nikajiambia chanjo ni ngumu, haifi kirahisi. Nikajiambia wengi wao watakuwa salama. Na mlipopigiwa makofi, wewe ukapiga vigelegele, nikasema moyoni kumbe nilifanya vema.

Nilichowapa ninyi kilikuwa cha watoto wa watu.

Nimeandika yote. Kama ujuavyo, nimebakiza miezi mitatu. Hili likisemwa sasa, sijui kama nitastaafu au nitafukuzwa, na mke wangu hajui chochote. Sitakuamulia. Barua hii ni yako. Ukiona inafaa, ipeleke kikaoni, nimetia sahihi. Ukinihurumia, ichome moto. Lolote utakalofanya sitakulaumu.

Anatory

*

Kamuli, Kyerwa
Jumanne, 1 Aprili 2025

Kaka Anatory,

Shikamoo. Sijaichoma na sitaipeleka. Naikunja kama ulivyoikunja, naitia humu humu, Nsanzimana anakurudishia. Nimemwambia asiiweke kwenye gari, aje nayo hadi mkononi mwako.

Ulinifurahisha ulipoandika hutaniamulia, kwa dakika moja. Halafu nikaona umeshaniamulia. Nikiipeleka, mimi ndiye niliyekumaliza na miezi mitatu mkononi. Nikiichoma, mimi ndiye niliyemficha mtoto wa Stephania sababu ya masikio yake. Wewe uko Nyakakika unangoja kunisamehe. Hapana. Nimekubebea mengi kwa mapenzi, kaka, hili ni zito na lina mwenyewe.

Nilikupenda kama bosi kuliko nilivyompenda mtu yeyote aliyewahi kuniamuru. Hata sasa nikikumbuka ulivyokuja kwenye msiba wa mama umebeba kuni mwenyewe, machozi yananitoka. Sikufuti. Lakini nimekuwa nikijiuliza, mbona sisi wanne tuliokupenda hivyo, hakuna hata mmoja aliyeweza kukuambia Daktari, hapa si sawa? Mackrine hatumpendi, na juzi Rogasian amemwambia usoni kwamba zamu alizopanga ni za kijinga. Akazipanga upya. Wewe nani angekuambia? Tungekuumiza.

Maelezo yangu nimeyatoa Ijumaa. Nimeandika nilijaza visanduku kwa miaka sita bila kusoma, hakuna aliyenishika mkono. Nimeandika Jumatatu ile nilikuta maji, nikapiga deki, sikuuliza. Hapo ndipo ukweli wangu unapoishia. Mackrine alisoma mbele yangu. Alipofika kwenye maji akauliza, "Nani alikuwepo?" Nikasema aliyekuwepo ana mdomo wake. Hakuuliza tena.

Kikao ni keshokutwa saa nne. Gari la kwanza kutoka Kayanga linatoka saa kumi na mbili asubuhi, ukilikosa hilo hutawahi. Mimi nitakuwa kwenye benchi la nje. Wakiniita nitaingia, uwepo au usiwepo.

Nakuombea. Hili nalisema bila kinyongo.

Eugenia

*

Kamuli, Kyerwa
Jumapili ya Matawi, 13 Aprili 2025

Kaka Anatory,

Shikamoo. Kristo atuvushe salama juma hili.

Siku ile hatukupata nafasi ya kuongea. Ulipotoka mle ndani ulipita kama hunioni, na mimi nikaacha upite. Nilidhani huji. Nilikuwa nimeshaingia, nimeshasema yangu, mwenyekiti ameshaniuliza mara ya pili maji yalitoka wapi, naangalia kucha zangu, ndipo mlango ukafunguliwa. Ulikuwa umepungua. Ulipoanza "Mimi ndiye," niliinama, sikutaka kukuona ukimaliza.

Nasikia shauri lako limepelekwa kwa waajiri wako Karagwe na kwamba mafao yatasubiri uchunguzi. Mkeo alinipigia simu. Niliweka spika, nyumba nzima ikasikia, na kwa mara ya kwanza Baba Kokuberwa hakuchangia. Mkeo hakunilaumu. Alisema siku hizi unalala.

Mimi wamenipa onyo kali la maandishi, litakaa kwenye faili langu. Kazi ninayo. Mackrine alisema mbele yao kwamba fomu ni kosa langu na friji si kosa langu, na kwamba asingependa kunipoteza. Alisema kwa sauti ile ile ya kusoma malengo. Tulirudi gari moja. Tuliposhuka akaniambia, "Kesho saa moja na nusu, Mama Eugenia." Nikasema ndiyo.

Cheti amekishusha. Ukutani pamebaki alama nyeupe. Rogasian alinuna siku mbili.

Kazi yenyewe ni kubwa. Kliniki ile walichanjwa watoto kumi na tisa. Wilaya imeleta chanjo mpya, na tunawafuata nyumba kwa nyumba, mimi na Mackrine, boksi la baridi begani kwa zamu. Kila mlango ni kueleza upya. Wengine wanatusikiliza, wengine wanatutukana kwa Kinyambo wakidhani yule dada haelewi, na kweli nusu haelewi, namtafsiria zile za heshima. Baba mmoja alitufungia mlango. Tulirudi mara tatu. Jana tumemaliza wa kumi na saba. Miguu yangu imevimba hadi kandambili hazinitoshi. Sijawahi kuchoka hivi, na sijui kama namtumikia Mungu au nalipa, lakini kesho nitaamka.

Ainebyona sikio moja linasikia. La pili daktari amesema tumshukuru Mungu kwa la kwanza.

Ulichoniomba kupitia mkeo nimekifanya. Nimekwenda kwa Stephania, nikamwambia Daktari Anatory anataka kuja nyumbani kwako kukuomba msamaha, uko tayari siku gani? Alikuwa anapanga maparachichi. Aliyapanga yote, akaanza upya, ndipo akanijibu. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, sijaongeza wala kupunguza:

"Nyumbani kwangu asije. Aje Jumatano ya kliniki, achukue namba, akae foleni na wamama wengine. Zamu yake ikifika nitamsikiliza."

Namba nagawa mimi, kuanzia saa moja na nusu. Ukichelewa sitakutunzia.

Eugenia